Kijiji chetu kimekuwa mtaa: tuandikeje historia yake?

"Nimezaliwa katika kijiji kimoja pembezoni mwa Dodoma ambacho siku hizi ni mitaa mitatu ya jiji. Naomba usikitaje jina, kwa sababu tuna mgogoro. Vijana tumekubaliana kuandika historia ya kwetu, lakini kila tukianza tunakwama. Baba yangu mdogo anasema kijiji kilikuwepo kabla ya Mjerumani. Mwenyekiti wa zamani anasema kilianzishwa 1971 na yeye alikuwepo. Ofisi ya mtaa haina karatasi hata moja ya zamani. Kuhusu lini mji ulitumeza, wengine wanasema 1973, wengine 2017, wengine 2018. Juu ya hayo, makaburi ya ukoo wetu yameangukia ndani ya kiwanja cha mtu, na ameshamwaga mawe na mchanga. Je, tumechelewa? Tuanzie wapi?"

Mbukwa, ndugu yangu. Hamjachelewa. Naanza na makaburi, ingawa wewe umeyataja mwisho, kwa sababu wazee mnaweza kuwahoji hata mwezi ujao, lakini zege likishamwagwa limemwagwa.

Mwenye kiwanja, hata awe na hati safi, hana ruhusa ya kufukua wala kujengea juu ya makaburi kwa uamuzi wake. Tuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Imetungwa hasa kwa ajili ya ardhi inayotwaliwa kwa matumizi ya umma, nayo inataka ndugu wapewe taarifa na walipiwe gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya. Kanuni ya Adhabu nayo inalifanya kuwa kosa kuingilia mahali pa maziko kwa nia ya kuumiza hisia za watu. Kwa hiyo wiki hii hii, wazee wawili watatu wa ukoo waende kwa mtendaji wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata na idara ya ardhi ya jiji. Waende na barua na picha za kila kaburi, na nakala ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo ni muhimu kuliko maneno mazuri mtakayoambiwa ofisini. Baraza la kata linaweza kuwasuluhisha tu. Likishindikana, penye uwezo wa kutoa zuio ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo msiende mikono mitupu: mtafuteni wakili au msaidizi wa kisheria awaone ana kwa ana na asome nyaraka zenu. Mimi ni mtu wa historia na nyaraka, na jibu la kusoma kwenye simu halitoshi kwa kesi ya ardhi.

Jambo moja zaidi kabla sijayaacha makaburi. Mkiyapiga picha, andikeni nani amelala wapi, mtoto wa nani, alifariki wakati gani, aliolewa kutoka wapi. Mnadhani mnaandaa ushahidi wa mgogoro, kumbe mmeshaandika ukurasa wa kwanza wa historia yenu.

Sasa baba mdogo na mwenyekiti wa zamani. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Baba mdogo anazungumzia nchi, mwenyekiti anazungumzia kijiji. Zamani Ugogo, nchi ya Wagogo, haikuwa na vijiji vya nyumba zilizopangana. Ilikuwa na maeneo madogo madogo, kila moja na mtemi wake, wa ukoo ulioshikilia matambiko ya mvua na ya ardhi ile. Misafara ya pwani iliyokatiza kwenda Unyamwezi ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi hao ili ipewe maji na njia. Ndani ya eneo la mtemi watu walijenga tembe, zile nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa la tambarare, zikizunguka ua wa ng'ombe, na tembe moja ilikuwa mbali na nyingine. Malisho yakiisha au ugomvi ukizuka, kaya ilihama. Jina la mahali lilibaki, watu walibadilika.

Ndiyo maana hiyo "kabla ya Mjerumani" ipokeeni kwa heshima, halafu muichunguze. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa ambayo wazee wanaiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakatika. Watu walikufa kwa wingi, wengine walitawanyika, na waliorudi hawakurudi wote mahali pale pale. Ukoo unaoweza kusema uko pale pale tangu kabla ya reli kufika Dodoma, mnamo 1910, upo, lakini ni juu yenu kuuliza: wakati wa Mtunya mlikimbilia wapi, na aliyerudi kwanza alikuwa nani? Swali hilo moja litawapa zaidi ya kuuliza "kijiji kilianza lini".

Mwenyekiti naye anazungumzia Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971. Kulikuwa na ukame, serikali ikaamua kuwakusanya watu wa mkoa mzima kwenye vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akapiga kambi Chamwino kufyatua matofali na wananchi. Hapo ndipo tembe zilipoachwa na nyumba zikapangwa kwa mistari. Kisha ikaja Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, iliyotaka kijiji kinachoandikishwa kiwe na kaya zisizopungua 250. Majina kadhaa ya mahali yakaingizwa chini ya jina moja, na ndiyo sababu mojawapo inayofanya vitongoji vingi kuwa na majina ya kale kuliko kijiji chenyewe. Nina hakika hata mitaa yenu mitatu mmoja wao una jina ambalo baba mdogo analiheshimu kuliko mengine. Muulizeni kwa nini.

Nalisema hili kwa kukazia, kwa sababu vijana wengi huja na picha ya kijiji cha asili kilichokaa kimya miaka mia tatu mpaka mji ukaja kukivamia. Kijiji mnachokililia kiliishi kama kijiji kwa miaka arobaini hivi. Kabla yake palikuwa na namna nyingine ya kuishi mahali hapo, na kuvunjwa kwake kuliwauma watu vilevile. Mama aliyetolewa kwenye tembe yake 1971 akapangiwa mstari, kisha mjukuu wake akapimiwa kiwanja nyumba ikiwa imeangukia barabarani, amehamishwa mara mbili na serikali mbili tofauti bila yeye kuondoka mahali. Historia yenu ikiyaweka yote mawili, itakuwa historia. Ikiweka la pili tu, itakuwa malalamiko.

Kuhusu tarehe ya kumezwa: mji hauli kijiji kwa tonge moja. Unakula ardhi kwanza, halafu uongozi, halafu maisha, na kila kimoja kina mwaka wake.

Ardhi ilianza kutoka mikononi mwenu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Chama cha TANU kiliamua 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA. Mpango kabambe wa 1976, uliochorwa na washauri kutoka Toronto, Kanada, uliviweka vijiji vingi vya pembezoni ndani ya ramani ya mji wakati wenyewe bado wanalima uwele na karanga na wanadhani mji ni stesheni na Majengo. Ndiyo maana watu walishangaa miaka ya baadaye walipoambiwa kwamba shamba la babu yao ni "eneo la mpango". Walikuwa ndani ya mpango tangu kabla hawajazaliwa. CDA ilivunjwa tarehe 15 Mei 2017, malalamiko ya ardhi yakiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na kazi zake zikapelekwa manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Kwa hiyo wanaosema 1973, 2017 na 2018 wote wanataja matukio ya kweli, lakini yote hayo ni ya mji. La kwenu ni jingine.

La kwenu ni siku kijiji kilipokoma kuwa kijiji kisheria. Wengi huona ni kubadilisha kibao tu, kumbe hapo ndipo penye uzito. Kijiji kilichoandikishwa ni kama mtu mbele ya sheria: halmashauri yake inaweza kushitaki na kushitakiwa, kuingia mikataba na kutunga sheria ndogo, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, huku mkutano mkuu ukiwa na kauli. Mtaa hauna nguvu hizo. Una mwenyekiti mliyemchagua, kamati yake na mtendaji aliyeajiriwa, lakini ardhi inapangwa na halmashauri ya jiji. Mwenyekiti wa kijiji angeweza kuitisha mkutano mkuu kujadili nani apewe shamba. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua ya utambulisho na kushuhudia mauziano.

Mabadiliko hayo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, lakini ipo njia ya mkato ya kuyakaribia. Uchaguzi wa serikali za mitaa umefanyika 1999, 2004, 2009, 2014, 2019 na 2024. Waulizeni watu: mara ya mwisho mlipopiga kura ya mwenyekiti wa kijiji, si wa mtaa, alishinda nani? Watu husahau miaka, hawasahau aliyeshinda. Mkipata jina, mmepata pengo la miaka mitano la kutafutia tangazo lenyewe.

Maisha ndiyo yanayomezwa taratibu kuliko vyote, na hapa takwimu husaidia kidogo. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 Dodoma Mjini, ya 2022 ikawahesabu 765,179. Miaka kumi tu. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mambo mnayoyaona kila siku na hamfikirii kuyaandika: mwaka ambao mashamba yaliacha kuuzwa kwa ekari yakaanza kuuzwa kwa mita za mraba, siku bikoni ya kwanza, ile alama ya mpaka wa kiwanja, ilipochimbiwa katikati ya shamba la mtama, mtu wa mwisho kuchunga ng'ombe kupita ilipo lami sasa, lini akina mama waliacha kufukua mchanga wa korongo kutafuta maji wakaanza kupanga ndoo bombani, lini mlianza kupanda bodaboda kwenda kwenye msiba wa jirani. Yaandikeni. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza 2007 pale Chimwaga, wenyeji wa Iyumbu na Ng'ong'ona waligeuka kuwa wenye nyumba za kupangisha wanafunzi. Stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai vimebadilisha Nzuguni, Mji wa Serikali umebadilisha Mtumba. Kila mahali pana mlango wake uliopitiwa na mji. Wa kwenu ni upi?

Sasa karatasi. Ofisi ya mtaa haina kitu kwa sababu ile ile ya kisheria niliyoieleza. Halmashauri ya kijiji ilipokoma, mwenye mihtasari alikoma nayo. Mtendaji mpya alikabidhiwa mhuri na kiti, mara nyingi hata kabati halikuwepo. Ninavyojua mimi, karatasi hizo hazikupotea zote. Nyingi ziko nyumbani kwa wenyeviti na makatibu wa zamani au kwa wajane wao, ndani ya sanduku la bati, pamoja na kadi ya TANU na risiti za kodi. Nendeni kwa adabu, mkiwa na mtu wa familia, na msiombe kuondoka nazo. Ombeni kuzipiga picha pale pale, mezani, mchana, ukurasa kwa ukurasa, hata zilizo wazi. Daftari la balozi wa nyumba kumi lenye orodha ya kaya lina thamani kuliko hotuba yoyote.

Shule ya msingi ndiyo ghala la pili. Rejista za uandikishaji zina jina la mtoto, la mzazi na mahali alipotoka, na baadhi ya shule zina daftari la kumbukumbu ambamo walimu wakuu waliandika mvua, njaa na ziara za wakubwa. Makanisa nayo yana vitabu vya ubatizo na ndoa: Waanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika wapo tangu 1927, na Wakatoliki wana misheni kongwe kama Bihawana. Wizara ya ardhi ina ramani za kipimo cha 1:50,000 zenye majina ya vilima na makorongo ambayo hakuna kijana anayeyajua leo. Kwa zama za mkoloni, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zinatunza vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza. Idara hiyo ina kituo cha kumbukumbu hapa Dodoma pia, anzeni hapo kwa kuuliza utaratibu wa kibali kabla hamjakata tiketi. Ila vitabu vya wilaya visomeni kwa tahadhari. Ofisa aliandika alichoambiwa na mtu aliyetaka utemi utambuliwe kwake.

Wazee. Kosa la kawaida ni kumketisha mzee kwenye kiti cha plastiki, kumzungushia vijana sita na simu sita, na kumuuliza tarehe. Atawapa tarehe, kwa sababu ni mtu wa adabu na mnaonekana mnaitaka. Tembeeni naye. Fikeni kwenye lambo, kwenye mbuyu, kwenye korongo, muulize: hapa mlikuwa mnafanya nini? Anajibu, "Hapa tulinywesha." Ng'ombe wa nani? "Wa baba, mimi nilikuwa bado sijaingia jando." Huyo baba alikuwa ameshakwenda Kongwa kwenye shamba la karanga? "Alikuwa amerudi, alikuja na baiskeli." Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947 na kuvunjika 1951, kwa hiyo bila kutaja mwaka hata mmoja mzee amewapa umri wake kwa kukadiria, hali ya kaya yao, na mahali palipokuwa na maji. Alama nyingine za kupimia ni Uhuru 1961, kufutwa kwa utemi 1963, Azimio la Arusha 1967, Operesheni 1971, vita vya Kagera 1978 na 1979, mvua za El Niño 1997 na 1998, na ajali ya treni ya Igandu 2002.

Kama anazungumza Cigogo, mwacheni azungumze Cigogo. Tafsiri itafuata. Mkimlazimisha Kiswahili atawapa muhtasari. Kila mwanzo wa rekodi semeni jina, tarehe na mahali, na kabla ya kulala hamishieni sauti mahali pengine, maana simu za vijana wetu zinaibiwa na kuzama kwenye ndoo.

Msisahau akina bibi. Kwa Wagogo mke ndiye anayehamia kwa mume, kwa hiyo bibi mmoja aliyeolewa kijijini kwenu anajua vijiji viwili, na anaweza kuvilinganisha. Anajua visima, anajua mlenda wa porini ulichumwa wapi, anajua nyimbo za muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, zilizotungwa kumsema mwenyekiti. Nyimbo hizo ni gazeti lenu la wakati ule, na wanaume hawatawaambia habari zake kwa sababu ndio waliosemwa.

Wahojini na wageni pia. Mrangi aliyejenga 1985 na Mhehe mwenye duka ni sehemu ya historia hii. Koo za Kigogo zenyewe nyingi husimulia kwamba asili yao ni Uhehe, Ukaguru au Unyamwezi, kwa hiyo swali la nani mgeni msilijibu haraka.

Sasa niwe mkweli kuhusu hatari. Mkianza kazi hii katikati ya mgogoro wa ardhi, kila ukoo utataka uandikwe kwamba ulifika kwanza. Historia yenu si hati na haitampa mtu kiwanja, mwambieni kila mtu hivyo tangu mkutano wa kwanza. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni kauli zote mbili na majina yao, msiamue. Mahali pa matambiko na mawe ya mvua pasipigwe picha wala kuelezwa bila ruhusa ya wanaohusika. Mambo mengine yakibaki midomoni mwa wachache si hasara. Na mzee mwenye kesi ya fidia akikataa kuongea, muacheni.

Kijitabu kilichopigwa chapa ni kizuri lakini kinakula hela na huwafanya watu wagombane kabla hakijatoka. Mimi ningeanza na vitu viwili vya bei ndogo. Cha kwanza ni ramani ya mkono, karatasi kubwa, yenye kila jina la zamani la mahali, iliyochorwa na wazee wenyewe chini ya mti. Cha pili ni majina ya barabara. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 barabara za mitaa zina vibao, na mapendekezo ya majina hupitia kwenye mkutano wa mtaa. Nendeni na ramani yenu kwenye mkutano huo, muombe korongo na kisima vipate barabara zake kabla hazijapewa majina ya maua.

Baba mdogo awe wa kwanza, na kabla ya mvua za Desemba, wakati bado mnaweza kutembea naye mpaka korongoni. Mkishapata rekodi na picha, nakala moja ikae shuleni, moja kwa familia yake, moja kwa kijana aliye nje ya Dodoma. Na mkikutana na karatasi za Kijerumani zenye ule mwandiko wa kukunjana, msibahatishe: zipelekeni mkononi kwa walimu wa historia pale chuo kikuu, mkae nao wakati wanasoma.